Mdai Aliyekuja Kula Bata

Niliwaacha pabaya wiki iliyopita. Mama alikuwa kaishika simu yangu kwa mikono yenye unga, na mimi nimesimama mbele yake nikimpungia asipokee, kama mtu anayesimamisha treni. Akapokea.

Kwa aliyekosa, habari ni fupi. Dada yangu Samah ameposwa. Mtaani kwetu Imbaba binti haendi kwa mume mikono mitupu. Friji na mashine ya kufulia vinatoka kwao. Baba alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo mwanamume wa nyumba nikawa mimi Hilmi, na mwanamume wa nyumba akaenda akachukua vyote viwili kwa malipo ya awamu, akatia sahihi kwa mbwembwe. Kisha duka la simu nililokuwa nafanya kazi likafungwa. Awamu hazikufungwa.

Deni langu likauzwa kwa kampuni ya wakusanya madeni, na kampuni ikanikabidhi kwa sauti. Sauti yenyewe ilijiita Ustadhi Galal. Ilinipigia mimi, ikampigia kinyozi wangu, ikampigia na mpiga pasi wa ghorofa ya chini, ambaye tangu siku hiyo hunirudishia mashati na mikunjo ya makusudi. Nilibadilisha laini, ikaipata mpya. Nikaitikia kwa sauti ya kike. Ikaniuliza kama nimeolewa.

Mama hakujua kitu. Samah hakujua kitu. Na wakwe ndio kabisa hawakutakiwa kujua, maana Bi Sawsan, mama yake mchumba, anatafuta sababu ya kuvunja posa tangu alipoziona ngazi za jengo letu. Siku akisikia friji la harusi lina mwenyewe mwingine, Samah atabaki na gauni lake kabatini.

Sasa turudi kwa mama na simu.

"Nani mwenzangu?" akauliza.

"Ustadhi Galal, mama. Namtafuta Hilmi."

"Hilmi anaoga."

Nilikuwa mbele yake, mkavu.

"Kila nikipiga Hilmi anaoga, mama. Huyo atakuwa ndiye kijana msafi kuliko wote Imbaba."

Mama akacheka. Hapo ndipo tulipoangamia, kwa sababu mama yangu akicheka na mtu, mtu huyo keshakuwa wa nyumbani.

"We ni rafiki yake?"

"Tunazungumza mara kwa mara," ikasema sauti. "Yeye huzungumza kidogo."

"Basi karibu nyumbani mwanangu. Kesho Ijumaa tunachinja bata. Wallahi lazima uje ule na sisi. Usipokuja nitakasirika."

Jamani, maneno haya mama humwambia kila mtu. Humwambia msoma mita ya gesi. Humwambia aliyekosea namba. Ni maneno ya mdomoni, na kila aliyelelewa mjini hapa anajua jibu lake: Mungu akuzidishie mama, tumeshiba kwa heri yako. Unakaribishwa mara tatu, unakataa mara tatu, bata anabaki salama.

Sauti ikasema, "Saa ngapi?"

Mama akaitoa simu sikioni, akaitazama kama imemng'ata. "Baada ya sala," akajibu. Alipokata, akanigeukia. "Rafiki yako huyu kalelewa wapi?"

"Hatakuja mama. Anatania."

"Anwani hajaniuliza."

"Ndiyo maana nakwambia anatania," nikasema, huku nikijua kwa nini hakuuliza. Anwani yetu alikuwa nayo yeye kuliko mtu wa posta.

*

Hebu fikirini, kati ya Ijumaa zote za mwaka, aliichagua Ijumaa ile.

Wakwe walikuwa wanakuja kupanga harusi. Na walikuwa wameshatamka kwamba hawazungumzi na vitoto, wanamtaka mkubwa wetu. Nilipowaambia mkubwa ni mimi, Haji Bayumi, baba yake mchumba, alicheka hadi akapaliwa. Basi nikawaahidi ami yangu wa Suez, ndugu yake baba, ambaye hawajapata kumwona. Asubuhi ya Ijumaa ami akapiga simu kusema goti limemkataza kusafiri. Goti hilohilo humpeleka mahakamani bila shida kila tunapoitwa kugombania nyumba ya babu.

"Sasa tutawaambia nini?" Samah akaniuliza. Alikuwa akijaza wali kwenye majani ya mzabibu, na bangili zake mpya za posa zinalia kila anapokunja.

"Niachie mimi."

"Nikikuachia wewe naogopa zaidi."

Wakwe wakafika: Haji Bayumi, Bi Sawsan, na katikati yao mchumba mwenyewe, Ihab, kapakwa manukato mpaka paka wetu akahama chumba. Bi Sawsan alikaa kwenye ncha ya kiti, kama mtu anayeogopa kiti kitamwambukiza.

"Yuko wapi ami yenu?" Haji akauliza hata kabla ya chai.

"Yuko njiani, Haji."

Na hapo kengele ikalia.

Nilifungua mlango. Alisimama pale kijibwana kifupi, kavaa sweta la vifungo, mkononi kabeba sahani ya keki ya basbusa iliyofungwa kwa karatasi ya duka. Nikadhani ni jirani aliyepotea ghorofa.

"Hilmi," akasema. "Umeshamaliza kuoga?"

Damu iliniacha, sijui ilikwenda kwa nani. Kwa muda wote ule niliipa sauti ile mabega mapana na masharubu. Kumbe sauti yote ilikuwa inakaa ndani ya sweta.

"Ustadhi, nakuomba," nikanong'ona. "Leo usinitaje. Nipige, nitukane, lakini leo kuna wakwe."

"Mimi nimealikwa," akasema. "Miaka yote naambiwa karibu na watu wananikatia simu. Mama yako ndiye wa kwanza kuniambia atakasirika nisipokuja."

Kabla sijamjibu, Haji Bayumi alikuwa keshafika mlangoni nyuma yangu, mikono wazi. "Ndiye huyu ami wa Suez," akasema, akamkumbatia mdai wangu pamoja na basbusa yake. "Karibu bwana. Tumekungoja. Safari ilikuwaje?"

Galal alinitazama juu ya bega la Haji. Mimi nilimtazama kwa macho ya kondoo siku ya Idi.

"Goti kidogo," akasema Galal. "Lakini kwa binti yetu, lazima."

Mpaka leo sijui goti alilitoa wapi. Mama, kutoka mlango wa jiko, alinitazama mimi, akamtazama yule mgeni, akaiona basbusa, na kwa kuwa mbele za wakwe hatuumbuani, akasema, "Karibu shemeji. Umekonda."

*

Desturi ni kwamba wakubwa wakianza kuvutana, mchumba hutolewa nje asije akasikia bei yake. Ihab akapelekwa barazani kupunga hewa. Mimi nikabaki kupitisha sahani.

Bi Sawsan akaanza. Friji na mashine ya kufulia, sawa. Mapazia, juu yetu sisi wa binti. Mazulia, juu yetu. "Na kiyoyozi," akasema. "Mwanangu hawezi joto."

Nilikaribia kuangusha bakuli la mrenda. Kiyoyozi maana yake ni duka jingine, sahihi nyingine, na sauti nyingine ya kunisalimia asubuhi.

Galal akatafuna paja la bata, akameza, akapangusa vidole. Kisha akaitoa sauti yake. Ile ya simu. Ya chini, ya upole, inayokuingia kama maji kwenye kiatu.

"Bi Sawsan, nakuelewa," akasema. "Kila mtu ana hali yake. Mimi siko hapa kumbana mtu."

Nikasikia kuwashwa. Maneno hayo hunianzia nayo kila siku.

"Hicho kiyoyozi ni cha nani?"

"Cha watoto."

"Cha mwanao. Umesema mwenyewe mwanao hawezi joto. Binti yetu joto analiweza, kakulia ghorofa ya juu. Sasa anayehitaji kitu ni nani, na anayeombwa ni nani?"

"Lakini ami, desturi..."

"Desturi naijua. Nakuuliza wewe. Mama wa mwana mmoja tu, atakosa kweli cha kumpooza mwanawe? Hapana, usinijibu haraka. Fikiria. Mimi nangoja."

Akanyamaza. Ule unyamavu wake naufahamu. Kwenye simu huwa nasikia hata saa yake ya mkononi ikigonga, na mwisho naropoka lolote ili ukome. Bi Sawsan alivumilia kunishinda mimi. Aligusa shela yake, akagusa kijiko, akamtazama mumewe.

"Basi kiyoyozi kitakuwa juu yetu," akasema.

"Mungu akuweke. Lini?"

"Lini nini?"

"Siku. Nipe siku yenye jina."

"Kabla ya harusi."

"Hiyo si siku, mama, hiyo ni dua."

"Jumanne," akasema Bi Sawsan, na nadhani ndiyo mara yake ya kwanza maishani kulitamka neno hilo kwa unyonge.

Galal hakuishia hapo. Alipomaliza mguu wa bata, mapazia yalikuwa yamehamia kwao, na zulia la ukumbini nalo liko njiani. Haji Bayumi alikuwa anamtazama kwa mapenzi, maana ndoa yake ina umri mkubwa na hakuwahi kuona mtu akimshinda mkewe.

"Bwana, wewe Suez unafanya kazi gani?" akauliza.

"Nazungumza na watu," akasema Galal.

Wallahi, wasomaji, nilimpenda. Mtu aliyeniharibia usingizi na mashati alikuwa amekaa kwenye kiti cha marehemu baba yangu, anampigania dada yangu kuliko ami wa damu. Mama akamwongeza bawa. Samah akaja na wali wa pili, akampakulia mwenyewe, akasema, "Kula ami, umetuheshimisha." Galal alitazama ile sahani kwa muda, kama mtu aliyepewa kitu si chake.

Kila kitu kilikuwa kimekwisha salama. Ningekuwa na akili ningewasha moto jikoni ili watu watawanyike.

"Mwiteni bwana harusi," akasema Haji Bayumi. "Tusome Fatiha, tuyafunge maneno haya."

Ihab akaingia, akamsogelea Galal, akamwinamia kwa adabu. Galal, mdomo umejaa, akampigapiga begani.

"Jina lako kamili mwanangu," akasema. "Nikikutaja kwenye dua nikutaje wewe, si mwenzako."

"Ihab Bayumi Abdelmaguid Zanati."

Taya la Galal likasimama. Sijawahi kumwona mtu akiacha wali katikati ya safari.

"Zanati," akasema polepole. "Wa kule Warraq?"

"Ndiyo ami. Unatufahamu?"

"Nawasikia." Akainuka. "Hilmi, nimwagie maji ninawe mikono."

*

Bafuni kwetu hakutoshi watu wawili, kwa hiyo mmoja hukaa mlangoni. Nilimmiminia maji kwa kopo. Alinawa kama daktari.

"Hilmi, nisikilize. Nimekula kwenu. Mkate na chumvi vimeniingia mwilini. Siwezi tena kukupigia wala kumpigia mtu wako. Kesho nalirudisha faili lako, apewe mwingine."

"Mungu akupe umri mrefu, ustadhi."

"Usifurahi. Atapewa Madamu Nagwa, na yule hali kwa watu."

Nikapunguza furaha.

"Na wewe tumemalizana. Tatizo ni shemeji yako. Huyu kwake sijala."

"Ihab? Kafanyaje?"

Akajipangusa kidole kimoja kimoja. "Nampigia tangu kabla ya Ramadhani. Hapokei. Mwisho kapokea nduguye, analia. Ananiambia Ihab kafariki, wametoka kumzika, niwaache na msiba wao."

"Ihab hana ndugu."

"Nimeanza kuhisi hivyo." Akaitundika taulo. "Hilmi, mimi nilimsomea Fatiha. Kwenye simu, nimesimama, ofisi nzima wananitazama. Nikawaambia wenzangu wainue mikono. Sasa baba yake ananiita nikamsomee ya pili."

Ningecheka kama isingekuwa dada yangu.

"Anadaiwa nini?"

"Dhahabu. Kaichukua kwa sonara mmoja kwa awamu, kalipa ya kwanza, akafa. Bangili mbili, pete, na mkufu wa..."

"Najua mkufu," nikasema. Nilikuwa nimeuona shingoni mwa Samah tangu asubuhi.

"Sonara anataka dhahabu yake. Asipolipwa wiki hii atatuma watu waifuate ilipo. Watakuja hapa, si kwao."

"Basi usiseme leo. Acha wasome, waende zao, mimi nitakwenda kumkamata Ihab mwenyewe."

"Nisome Fatiha huku najua?" Sauti ya simu ilikuwa imemtoka; hii ilikuwa ya mtu wa kawaida, imechoka. "Yule binti kanipakulia kwa mkono wake. Kaniita ami. Chumvi niliyokula ni yake, si yako wewe uliyekuwa unaoga."

"Ukisema la Ihab, watakuuliza ami wa Suez kayajuaje. Hapo utataja kazi yako. Wataniuliza mimi nakujuaje. Hapo na friji limesemwa. Bi Sawsan ataondoka na mwanawe, Samah atabaki na aibu mbili badala ya moja."

"Na nisiposema?"

"Ataolewa."

"Na marehemu," akasema Galal.

Huko ukumbini Haji Bayumi akaita, "Ami, mikono imechoka kungoja huku."

"Tunakuja Haji," nikajibu, na nilipogeuka nikamkuta Samah.

Alikuwa kasimama nyuma yangu na sinia la sharubati, glasi zimejaa mpaka ukingoni. Hakuna hata moja iliyokuwa imemwagika, ndipo nikajua amesimama pale muda mrefu bila kutikisika. Hakunitazama mimi. Alimtazama Galal.

"Friji pia?" akamuuliza.

Galal akainamisha kichwa. "Na mashine ya kufulia, mwanangu. Lakini huyu wako hakujifanya kafa. Alijifanya mwanamke tu."

"Samah," nikaanza, "nilikuwa nataka..."

"Shika hili."

Akanipa sinia. Akavua bangili ya kwanza. Ya pili ilikataa kifundoni. Akailowesha kwa maji ya kopo langu, ikatoka. Pete. Mkufu. Akavifunga vyote kwenye leso yake ya jikoni, ile aliyofutia mafuta ya bata, akakaza fundo kwa meno.

"Unakwenda kufanya nini?" nikamnong'oneza. "Bi Sawsan yuko pale. Ukifungua mdomo harusi hakuna. Subiri tufikirie."

"Nyinyi wanaume wawili mmefikiria mwaka mzima," akasema, na akaingia ukumbini.

Nikamfuata na sinia, Galal nyuma yangu. Haji alikuwa ameinua mikono tayari. Bi Sawsan naye kaiinua, nusu. Mama kafumba macho, anatabasamu peke yake, maskini. Ihab kakaa katikati, kichwa chini, kama malaika wa picha.

Samah akasimama mbele yake, akamwekea ile leso magotini.

"Ihab," akasema, kwa sauti ya mtu anayekaribisha chai. "Kabla hatujasoma, nikupe pole. Nimesikia ulifariki."

Haji Bayumi akashusha mikono. Mama akafumbua macho. Bi Sawsan akamtazama mwanawe, akaitazama leso, akaitazama shingo ya Samah isiyo na kitu.

"Nani kafariki?" akauliza Bi Sawsan. "Hilmi, dada yako anasema nini?"

Sikuwa na mkono wa kujifichia. Nilikuwa na sinia. Galal akanipita taratibu, akavuta kiti, akakaa uso kwa uso na mchumba. Akaitoa sauti. Ile ile.

"Habari za mchana, Ihab," akasema. "Ni mimi Galal."

Ihab aliinua kichwa. Niliona kila rangi ikipita usoni mwake na kutokomea. Kisha kijana wa watu, amekaa hapohapo, baba yake kulia, mama yake kushoto, sote tunamwona, akajibu kwa mazoea:

"Umekosea namba, bwana."